Bonde Lako Mjini: Mwongozo Kamili wa Kupima Maji ya Mvua na Kupunguza Mafuriko Unguja na Pemba

Nyumba yangu ilikaa miaka tisa bila kuingia maji. Masika ya mwaka wa kumi maji yakaingia, tena kwa mvua ya saa moja na nusu tu, mvua ambayo tumeizoea. Nikatoka na ndala mkononi, nikayafuata maji kinyume na mkondo, kutoka mlangoni kwangu kupanda juu. Nilipita nyumba kumi na nne. Karibu kila ua umepigwa zege, kila paa linamwaga maji njiani, na kule juu kabisa, kwenye kichaka cha miembe na minazi walipokuwa wakicheza watoto, zimesimama nyumba sita mpya. Hakuna aliyekusudia kunidhuru. Kila mmoja aliyatoa maji kwake, na yote yakateremkia kwangu.

Tangu siku ile nimekuwa nikipima. Ninayoandika hapa yanaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye futi kamba, ndoo, simu na daftari, pamoja na majirani wawili watatu walio tayari kurowa.

Kabla ya kupima: maji ya mvua huenda wapi?

Mvua ikishafika chini ina njia nne. Mengine huzama ardhini, mengine hurudi hewani kwa jua na kwa majani ya miti, mengine hutiririka, na mengine hubaki kwenye madimbwi na mabwawa. Ukijumlisha manne hayo unapata mvua yote iliyonyesha, wala haipotei hata tone. Kwa hiyo ukiipunguza njia moja, nyingine lazima ipokee zaidi. Ukikata mti na kumwaga zege umefunga njia mbili kwa pamoja, ya kuzama na ya kurudi hewani, na maji yale yote umeyasukuma kwenye mtiririko.

Kuna jambo la pili ambalo watu hulisahau, nalo ni mwendo. Kwenye majani na mchanga, maji ya juu ya bonde huchelewa njiani, yakafika chini wakati ya karibu yameshapita. Kwenye zege, lami na mtaro ulionyooka, ya juu na ya chini hufika kwa pamoja. Ndiyo maana mvua ile ile ya zamani leo inaleta mafuriko ambayo haikuleta zamani.

Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 kwenye sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ikahesabu 893,169. Hao karibu laki tatu walioongezeka wanaishi chini ya mapaa, wanatembea juu ya njia, na nyingi ya nyumba zao zimejengwa upande wa Fuoni, Tomondo, Mwera na kaskazini ya mji, mahali palipokuwa mashamba.

Hasara nyingine haionekani kwa macho. Maji tunayokunywa Unguja kwa sehemu kubwa yanatoka chini ya ardhi, na yale ya chini ni mvua iliyozama. Maji matamu yameelea juu ya maji ya bahari ndani ya mwamba, kwa sababu ni mepesi zaidi. Kanuni ya wataalamu wa maji inasema kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ukipunguza yanayozama, huku pampu zikiendelea kuvuta, ile mita moja inashuka na chumvi inapanda. Anayelalamika kuwa kisima chake kimeanza munyu na anayetoa maji sebuleni kwa ndoo wana ugonjwa mmoja.

Hatua ya 1: Waulize wazee majina

Gharama yake ni kikombe cha kahawa barazani. Majina yetu ni ramani ya maji. Mtoni, Ziwani, Chemchem, Ziwa Maboga, Bwawani, Kibonde Mzungu: hakuna aliyeyatunga ili yapendeze. Darajani paliitwa hivyo kwa sababu palikuwa na daraja, na Ng'ambo ni ng'ambo ya mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe na upande wa pili, kabla haujafukiwa katika karne ya 20. Kule Kibonde Mzungu njia ya Fuoni ilikuwa ikikatika kwa maji masika yakizidi, hadi lilipojengwa daraja. Jina lilikuwa limeshatwambia.

Uliza maswali matatu. Maji yalikuwa yakipita wapi wewe ukiwa mdogo? Palipolimwa mpunga ni wapi? Masika gani yalikuwa makubwa kuliko yote, na maji yalifika wapi: kizingitini, dirishani, au kwenye shina la mti gani? Jibu la swali la tatu kalipime kwa futi siku hiyo hiyo. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alinionesha alama ya matope ukutani kwa uani ambayo hajaipaka chokaa makusudi. Ilikuwa sentimita 71 kutoka sakafuni. Kipimo kile kimenisaidia kuliko karatasi nyingi nilizowahi kuoneshwa.

Kama unataka kununua kiwanja, anza hapa kabla hujatoa hata senti. Kiwanja cha bondeni huuzwa wakati wa kaskazi, ardhi ikiwa kavu na bei ikiwa nzuri.

Hatua ya 2: Lichore bonde lako

Bonde, kwa maana ninayoitumia hapa, ni ardhi yote ambayo maji yake yanaishia mahali pamoja. Si lazima uwe na mto. Mitaa ishirini inayomwagia kwenye mtaro mmoja ni bonde.

Tembea mvua inaponyesha, si baada yake. Anzia pale panapofurika, panda juu, na kila penye njia panda tazama maji yanatoka upande gani. Ukifika mahali ambapo maji ya kulia yanakwenda kulia na ya kushoto yanakwenda kushoto, umefika ukingoni mwa bonde. Weka alama kwenye ramani ya simu. Rudia kwa kila upande mpaka mstari ujifunge, kisha programu ya ramani itakupa ukubwa wake kwa hekta. Picha za kutoka angani zinasaidia sana kuhesabu mapaa. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi Zanzibar ilianza mradi wa kuvipiga picha visiwa vyote kwa droni, na picha hizo zinaonesha hadi paa la banda la kuku.

Tahadhari moja kwa wanaokaa kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, upande wa mashariki na kusini ya Unguja. Huko maji hupotelea kwenye nyufa na mapango. Mto Mwera wenyewe unamezwa na ardhi kabla ya kufika baharini. Mstari unaouchora juu ya ardhi huko si lazima ulingane na njia ya maji chini yake, na uchafu unaoingia kwenye ufa unaweza kutokea kisimani kwa mtu wa mbali bila kuchujwa na chochote.

Hatua ya 3: Pima mvua yako mwenyewe

Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo na kitako sawa. Liweke wazi, mbali na paa na miti, juu ya kitu kisichorusha matone. Mvua ikikatika, tumbukiza rula. Milimita 1 ndani ya kopo ni lita 1 kwa kila mita ya mraba ya mtaa wako. Shika hesabu hiyo moja tu, nyingine zote zinajengwa juu yake.

Andika vitu vitatu: kiasi, saa ilipoanza na saa ilipokatika. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari ya mvua kubwa inazungumzia zaidi ya milimita 50 kwa saa 24. Lakini milimita 50 za siku nzima ardhi inaweza kuzimeza, wakati milimita 50 za saa moja zinaondoka na kuku.

Kwa mitaa ya karibu na pwani, ongeza safu ya nne: hali ya bahari. Wakati wa bamvua, yaani siku bahari inapojaa sana, maji yakijaa, midomo ya mitaro inakuwa chini ya bahari na maji ya mvua hayana pa kutokea. Mvua ya kadiri juu ya bamvua inaweza kufurisha kuliko mvua kubwa ya maji mafu, siku bahari inapojaa kidogo. Wavuvi wanajua siku hizo kwa mwezi. Ziandike kwenye kalenda ya mtaa kabla masika hayajaanza.

Hatua ya 4: Hesabu ya kiwanja kimoja

Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400. Mvua ya milimita 50 inakiletea lita 20,000. Kwa Unguja inayopata kiasi cha milimita 1,600 kwa mwaka, kiwanja hicho hupokea lita 640,000 kila mwaka.

Sasa tumia mgawo wa mtiririko, yaani sehemu ya mvua inayokimbia badala ya kuzama. Kwa makadirio ya kazi, bati na zege ni 0.9, udongo uliokanyagwa ukashindiliwa ni 0.5, na bustani au kichaka ni 0.2.

Kilipokuwa kichaka: 400 × 50 × 0.2 = lita 4,000 zilitoka.

Leo kina paa la mita za mraba 180, zege 150 na bustani 70. Paa linatoa lita 8,100, zege 6,750 na bustani 700. Jumla ni lita 15,550.

Mvua haikubadilika, na maji yanayotoka yamekaribia kuwa mara nne. Zidisha kwa viwanja 100 na mtaro uliokuwa ukipokea lita 400,000 sasa unapokea zaidi ya milioni moja na nusu. Nilipoifanya hesabu hii mbele ya majirani, mmoja aliyekuwa akiilaumu serikali kwa kila kitu alinyamaza, akauliza ua wake una mita ngapi. Serikali ina lake la kufanya, tena kubwa, lakini mazungumzo yale yalianza kwenda mbele pale alipouliza.

Hatua ya 5: Pima mtaro unaweza kubeba nini

Kwanza, maji yanayokuja. Zidisha mgawo wa mtiririko kwa ukali wa mvua (milimita kwa saa) kwa ukubwa wa bonde (hekta), kisha gawa kwa 360. Unapata mita za ujazo kwa sekunde. Bonde la hekta 10 kwenye mvua ya milimita 60 kwa saa, likiwa shamba lenye mgawo wa 0.2, linatoa 0.33. Likishajengwa hadi mgawo wa 0.7, linatoa 1.17.

Kisha, uwezo wa mtaro. Pima upana na kina. Siku ya mvua, simama mahali salama ukingoni, tupa jani kavu na uhesabu sekunde linazotumia kwenda mita 10. Gawa 10 kwa sekunde hizo upate mwendo, uzidishe kwa 0.8 kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Mtaro wa upana wa mita 1, kina cha mita 0.6, jani likienda mita 1 kwa sekunde, unabeba karibu 0.48.

Linganisha: 1.17 zinakuja, 0.48 zinapita. Nyingine zinaingia majumbani. Na hapo tumechukulia mtaro ni msafi. Mchanga ukijaa nusu yake, uwezo unashuka kwa zaidi ya nusu, kwa sababu maji yanapungukiwa nafasi na mwendo pia.

Kama kuna kalvati chini ya njia, lipime hilo kwanza. Mara nyingi mtaro mzima ni mpana na tatizo ni bomba moja jembamba ambalo mtu alilitia ili apitishe gari kwake.

Hatua ya 6: Yazuie kwako kabla hayajawa ya mwenzio

Kazi ya nyumbani imegawika mara mbili: kuyaweka na kuyazamisha.

Kuyaweka ni tangi. Tia gata kwenye paa, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwage, kwa kuwa inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Lakini elewa jambo hili, wengi wanalikosea: tangi lililojaa halizuii mafuriko. Ukitaka likusaidie siku ya mvua kubwa, ni lazima liwe na nafasi. Mimi nina matangi mawili ya lita 2,000. Moja ni la kutumia, daima limejaa. La pili lina mfereji mdogo chini ambao naufungua mvua inapokatika, maji yakaingia polepole kwenye shimo, na kufika alfajiri liko tupu linasubiri.

Kuyazamisha ni shimo. Kabla ya kuchimba, jaribu ardhi. Chimba kishimo cha sentimita 30 kwa 30, kina sentimita 30. Kijaze maji, yaache yazame, ukijaze tena. Sasa weka rula na uangalie yanashuka sentimita ngapi kwa nusu saa. Yakishuka sentimita 5 au zaidi, ardhi yako ni nzuri kwa shimo. Yakishuka chini ya sentimita 1, hapo ni udongo wa mfinyanzi au maji ya chini yako karibu, usichimbe, tegemea tangi na bustani. Jaribio hili lifanye wakati wa masika, maana kiangazi kila ardhi inakunywa.

Shimo la mita 1.5 kila upande na kina hicho hicho lina nafasi ya lita 3,375 likijengewa tofali zenye matundu na kufunikwa. Likijazwa mawe, nafasi inayobaki ni kama theluthi moja na kidogo, zaidi kidogo ya lita 1,200. Liwe mita 3 au zaidi kutoka kwenye msingi wa nyumba, na mita 15 au zaidi kutoka kisimani, na lisiwe jirani na karo la choo. Lipokee maji ya paa tu. Maji ya njia yana mafuta na uchafu wa vyoo, ukiyapeleka chini unawanywesha watu. Kwenye ardhi ya mawe yenye nyufa usichimbe shimo la aina hii, hata likimeza maji vizuri. Hapo kumeza vizuri ndiyo hatari yenyewe.

Mlango wa shimo uwe na kisanduku kidogo cha kunasa mchanga na majani. Bila hicho, shimo linakufa baada ya masika mawili.

Sasa hesabu tena. Tangi tupu la lita 2,000 na shimo la kadiri, kati ya lile la tofali na lile la mawe, la lita 2,000 na kitu, vinazuia kama lita 4,000 kwa mvua moja. Viwanja 100 vinazuia lita 400,000, zaidi ya robo ya yale yaliyokuwa yakiteremka. Mafuriko hayaishi, lakini maji yaliyokuwa yakifika dirishani yanaweza kuishia uani.

Lililo rahisi kuliko yote ni kutoupiga ua wote zege. Acha ukanda wa mita moja na nusu kando ya ukuta, panda mchaichai na mpapai, na sakafu iinamie huko badala ya kuinamia njiani.

Hatua ya 7: Kazi ya mtaa, na mpangilio wake

Nendeni kwa sheha na daftari, si na malalamiko. Ramani ya bonde, mvua za masika moja, alama za maji ukutani na ile hesabu ya 1.17 kwa 0.48 vinasomeka kwa mhandisi wa manispaa, naye hawezi kuvikataa kwa neno moja.

Mtaro usafisheni kuanzia mdomoni kupanda juu. Mtaa mmoja wa karibu nasi ulianza juu kwa sababu wenye nguvu walikaa juu, na mvua ya kwanza ikawashukia wa chini kwa kasi maradufu. Vivyo hivyo kwa kupanua: chini kwanza. Mchanga mnaouzoa usiachwe ukingoni, utarudi ndani kwa mvua ya usiku huo huo. Na pasiwe na jaa kando ya mtaro, hata la siku mbili.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Mtu ananunua bondeni, anamwaga fusi malori kumi, anainua kiwanja chake kwa mita moja na kujenga ukuta. Yeye amepona. Nafasi ya maji aliyoijaza haikufutika, imehamia kwa jirani, ambaye mara nyingi ni mjane au mpangaji asiye na lori hata moja la fusi. Bwawa la asili la mtaani, hata likiwa na mbu na vyura, ni ghala la maji. Kila mita ya ujazo ya fusi inayoingia humo inatoa lita 1,000 ziingie nyumbani kwa mtu. Kulitetea bwawa lisifukiwe ni rahisi mara nyingi kuliko kujenga mtaro badala yake. Ombeni lipimwe, liwekewe mipaka na liandikwe kuwa la umma, kabla hakijasimama kibanda cha kwanza.

Kwa walioko Pemba

Pemba ni vilima na mabonde membamba, na sehemu nyingi udongo wake ni mzito kuliko mchanga wa Unguja mjini. Shimo la kuzamisha juu ya mteremko wa Chake Chake au Mkoani linaweza kuulainisha udongo na kuuporomosha pamoja na nyumba ya chini. Huko fanyeni kinyume: yashikeni maji kwa matangi, yateremsheni kwa ngazi za mawe, pandeni miti kwenye ukingo wa mteremko, na mabonde ya mpunga yaachwe ya mpunga. Bonde la mpunga linapokea mafuriko kila mwaka na linalipa kwa mchele.

Siku yenyewe ikifika

Zima umeme kwenye swichi kuu kabla maji hayajafika kwenye soketi. Watoto wasikanyage maji ya mtaro, wala yeyote asivuke yanayokimbia, hata yakiwa chini ya magoti. Maji ya kisima kilichofunikwa na mafuriko msinywe hadi kisafishwe na kutiwa klorini, na hadi hapo chemsheni maji ya kunywa yote. Kipindupindu kinafuata njia hiyo hiyo ya maji.

Maji yakishashuka, kabla ya kufagia, chukua rangi na brashi, upige mstari ukutani yalipofikia na uandike tarehe na milimita za kopo lako. Sisi tunatumia rangi ya buluu, na kila nyumba kumi kuna ukuta mmoja wenye alama. Kazi ya mtaro tunaifanya Februari, Jumapili mbili za mwisho, kuanzia mdomoni. Mwaka huu tumepanga kuanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali, na sheha ameahidi toroli sita.